Kupunja kwa Umbo

Mwaka 2016 wanunuzi wa Uingereza walifungua chokoleti ya Toblerone, ile ya pembetatu waliyoizoea tangu utotoni, wakakuta mabonde mapana mahali palipokuwa na vilima vilivyosongamana. Mche wa gramu 400 ulikuwa umepunguzwa hadi gramu 360, na ule wa gramu 170 hadi gramu 150.

Kampuni ilieleza kwamba gharama za malighafi zimepanda. Hatubishani nayo juu ya hilo. Mfanyabiashara aliyepandiwa na gharama anayo haki ya kuongeza bei waziwazi, na mnunuzi anayo haki ya kuiona bei hiyo, kunung'unika, kisha kununua au kwenda zake. Lakini kupunguza chokoleti na kuuza hewa iliyo katikati ya meno yake ni kumnyima mnunuzi nafasi hiyo.

Watetezi watasema kwamba uzito mpya uliandikwa kwenye boksi. Naam, uliandikwa! Ni nani basi asomaye gramu za kitu alichokinunua kwa miaka ishirini? Mwalimu atokaye kazini hununua kwa mazoea, na mazoea hayo ni imani aliyomwekea mtengenezaji. Imani hiyo ndiyo iliyopunjwa, kuliko hata zile gramu 40.

Wapo waliowacheka Waingereza kwa kupigia kelele kitu cha kutafunwa na watoto. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Watu wale walikuwa wakidai mizani ya haki, na mwaka 2018 kampuni ikatangaza kulirudisha umbo la zamani.