Siri Zetu Zikivuja, Nani Alipe?



Mama mmoja wa jumuiya yetu alipigiwa simu jioni moja na mtu aliyemtaja kwa majina yake yote matatu. Mtu huyo aliijua namba ya kitambulisho chake. Alilijua hata deni lililosalia la mkopo wake, mpaka shilingi ya mwisho, katika kampuni ambayo hapa hatutaitaja. Akamweleza kwamba mitambo ya kampuni imeingiliwa na wezi, na kwamba ili fedha zake zisalimike hana budi kuthibitisha namba yake ya siri. Mama akaitaja. Kabla ugali haujaiva, karo ya mtoto, shilingi 38,000, ilikuwa imekwisha kuhamishwa.

Alikaa kimya wiki mbili. Wakati huo kampuni ilituma ujumbe mfupi wa simu kwa wateja wake, ikitaja "tukio la kiusalama" na kuomba radhi kwa "usumbufu". Hatimaye mama alipofungua kinywa, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nitamshitaki nani, na mimi mwenyewe ndiye niliyempa mwizi ufunguo?"

Wengi wetu tungeuliza vivyo hivyo, na kwa maoni yangu swali hilo limeelekezwa kwa mtu asiyestahili. Ni kweli, mama aliufungua mlango wa mwisho. Lakini milango iliyotangulia ilifunguliwa na nani? Mwizi asingeaminika kama asingelijua deni, na deni lile lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, katika vitabu vya kampuni. Aliyekabidhiwa siri za watu akashindwa kuzilinda hawezi kunawa mikono kwa sababu tu mwenye siri alidanganywa baadaye kwa kutumia siri zile zile.

Sheria ya Kenya inakaribiana sana na maoni hayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na habari zake zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo lazima. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 65 kinasema kwamba mtu aliyepata hasara kwa sababu sheria hiyo imevunjwa anastahili kulipwa fidia na yule aliyeivunja. Mwenye kutunza habari huepuka lawama akithibitisha kwamba hahusiki kwa namna yoyote na tukio lililoleta hasara. Angalieni mzigo wa kuthibitisha jambo hilo umewekwa begani mwa nani. Tena hasara inayotajwa si fedha peke yake: hata mahangaiko ya moyo yamo. Usiku wa kukesha, aibu mbele ya watoto, hofu kila simu inapolia, yote hayo yana nafasi yake katika madai.

Sisemi kwamba mama huyu atashinda. Mawakili wa kampuni watasema kwamba namba ya siri aliitoa mwenyewe, na hoja hiyo ina uzito; yeye naye atapaswa kuonyesha jinsi uvujaji ule ulivyozaa hasara yake. Ninalosema ni kwamba kesi hii ina pande mbili, na upande wake hautasikika asipousema.

Maana kimya ndicho faida kubwa ya makampuni haya. Kifungu cha 43 kinaitaka kampuni imwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu ijue kwamba habari zimeangukia mikononi mwa wasiohusika, pale ambapo wenye habari wamo katika hatari ya kudhurika kweli. Vilevile iwaandikie wenye habari wenyewe, iwaeleze kilichotokea, hatua ilizochukua, na namna wanavyoweza kujikinga. Ujumbe wa maneno ishirini unaosema "usumbufu" hautoshi. Lakini kama wateja wote wameupokea, wakaufuta na kuendelea na shughuli zao, ni nani atakayeuliza?

Wengine husema, "Serikali itawatoza faini." Ni vema itoze. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini tatu kwa pamoja: Sh. 4,550,000 kwa shule ya Roma kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, Sh. 2,975,000 kwa kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride, na Sh. 1,850,000 kwa kilabu cha Casa Vera. Hayo yalikuwa makosa ya kutumia habari za watu vibaya, si ya kuibiwa, lakini sheria ni ile ile. Hata hivyo faini haiingii mfukoni mwa aliyeumizwa. Nayo ina kikomo: shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kwa kufuata kile kilicho kidogo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hela ya chai. Fidia ni jambo jingine, nayo humfuata yule aliyeidai.

Mfano mmoja wa mbali unatufaa, kwa kuwa unahusu kampuni ya kazi ile ile inayofanywa na CRB zetu, yaani kutunza kumbukumbu za wakopaji. Mwaka 2017 wezi waliingia katika mitambo ya Equifax nchini Marekani wakachukua habari za watu wapatao milioni 147. Walipita katika kasoro ambayo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa kabla, na kampuni haikuitumia. Mwaka 2019 Equifax ilikubali kulipa mpaka dola milioni 700, na katika hizo mpaka milioni 425 zilikuwa za kuwasaidia walioathirika. Lakini ili kulipwa ilimpasa mtu ajaze madai yake kabla ya siku iliyowekwa. Waliotaka zile dola 125 za taslimu waligundua kwamba fungu lake lilikuwa dola milioni 31 tu, likagawanywa kwa wengi mno, kila mmoja akapata kidogo. Waliokuwa na risiti za hasara halisi walisimama mahali pazuri zaidi.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wa jumuiya muwafundishe watu kutunza ushahidi kabla ya kuwafundisha kulalamika. Ujumbe wa kampuni usifutwe, na simu yenyewe isiuzwe, kwa kuwa mahakama hutaka cheti kinachoeleza nakala ya kielektroniki ilitoka katika chombo gani na kwa njia gani. Taarifa ya miamala itolewe. Nauli ya kwenda benki, siku za kazi zilizopotea, saa ambayo mwizi alipiga simu na maneno aliyosema, yote yaandikwe katika daftari yangali mabichi.

Kabla ya hayo, siku ile ile, namba za siri zibadilishwe, benki na kampuni ya simu ziarifiwe, na polisi waandike katika OB na kutoa namba yake. Piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Omba taarifa yako CRB. Mara moja kwa mwaka ni haki yako kuipata bure, nayo itaonyesha kama kuna aliyekopa kwa jina lako. Na yule atakayepiga simu akisema anakusaidia kurudishiwa fedha, mradi utangulize ada kidogo, huyo ni mwizi wa pili.

Kisha kampuni iandikiwe barua. Iulizwe ni habari zipi zilizotoka, ilijua lini, imefanya nini, na italipa kiasi gani. Isiporidhisha, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo. Asiyejua kuandika ana haki maneno yake yaandikwe na ofisi hiyo. Sheria inataka uchunguzi ukamilike katika siku 90, na Kamishna amekwisha kuziamuru kampuni kadhaa kuwalipa fidia walalamikaji. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufani Mahakama Kuu. Mtu anaweza kuwakilishwa na mwingine, na katika parokia kubwa kama yetu sidhani mama huyu ndiye mteja pekee aliyepigiwa simu ile.

Hapa niseme neno litakalowaudhi baadhi yetu. Sisi nasi tunatunza siri za watu. Vitabu vya ubatizo na ndoa, orodha za namba za simu za jumuiya, majina ya waliosaidiwa chakula na dawa: mara ngapi orodha hizo zimepigwa picha na kurushwa katika kundi la simu lenye watu mia mbili? Sheria haikutusamehe kwa kuwa tuna kengele mnarani. Kabati la ofisi ya parokia lina kufuli, lakini ufunguo, kama kila katekista ajuavyo, huning'inia msumarini kando yake.

Mama yule ameandika barua yake kwa msaada wa wasaidizi wa sheria wa Tume, nakala mbili, moja imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni ilijibu kwamba "inalishughulikia suala hilo", na wiki tano zikapita. Malalamiko yamekwisha kufika kwa Kamishna, na siku 90 zinaendelea kuhesabiwa. Wanajumuiya wengine wanne, waliposikia habari zake, wamekuja ofisini na simu zao mkononi.