Acheni kutuambia eti uvumbuzi ni kipaji

Vijana wenzangu wa kambini na wa hapa Bujumbura, leo nasema jambo ambalo wengine hawatalipenda.

Mafunzo ya "ubunifu" tunayoletewa ni yale yale. Karatasi za rangi ukutani, "toeni mawazo mengi", picha, soda, cheti. Mwishoni anachaguliwa mmoja, eti huyu ana kipaji. Sisi wengine tunarudi nyumbani tukiamini hatuna kitu kichwani. Huo ni uongo, tena unatuumiza.

Alikuwepo Genrich Altshuller wa Umoja wa Kisovieti. Kazi yake ilikuwa kuchunguza hati za uvumbuzi, akaona kwamba wavumbuzi wa fani tofauti kabisa wanarudia mbinu zile zile. Mwaka 1948 yeye na rafiki yake walimwandikia Stalin barua kukosoa hali ya uvumbuzi nchini. Mwaka 1950 akakamatwa, akahukumiwa miaka 25, akapelekwa kambi ya Vorkuta kwenye baridi kali. Aliachiwa 1954, Stalin akiwa ameshakufa. Mwaka 1956 wakachapisha andiko lao la kwanza. Baadaye alizipanga mbinu hizo zikafika 40. Njia yake inaitwa TRIZ.

Kiini chake ni hiki: usianze na "nina wazo gani?" Uliza "kitu gani kinagombana na kipi?" Chukua mbabula ya bati. Ukiiangusha haivunjiki, lakini joto linatoroka pembeni na makaa yanaisha haraka. Ukitengeneza ya udongo, joto linakaa, lakini ikigongwa inapasuka. Wengi wetu tunachagua hasara moja na kuizoea. Altshuller anasema usichague. Kule Kenya, miaka ya 1980, waliweka udongo ndani na bati nje, wazo la kuanzia likitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa jua kali wakalitengeneza kwa wingi. Ndiyo mbinu ya 40 hiyo: unganisha vitu viwili, kila kimoja kizibe udhaifu wa mwenzake. Hawakuhitaji kumsoma Altshuller. Lakini walichofanya kinaonekana, kinaelezeka, basi kinafundishika.

Utaniambia njia bila pesa ni bure. Kweli, TRIZ hainunui bati. Lakini mtu asiyejua tatizo lake liko wapi hasa, hata hiyo pesa anaiombea nini?

Ombi langu kwa viongozi wa kundi letu: mkutano ujao tufute shindano la "wazo bora". Kila mtu alete tatizo moja, la nyumbani ama la garaji za Buyenzi, kwa mistari miwili tu: nikifanya hivi, hiki kinapona, lakini kile kinaharibika. Halafu tukae wote juu ya karatasi hiyo mpaka tupate njia. Na wale walioambiwa hawana kipaji ndio waanze.