Yubile ya Kukopa

Jumapili moja, ibada ilipokwisha, katibu wa kamati ya maandalizi alisimama mbele yetu akasoma majina ya waumini ambao hawajamaliza mchango wa yubile. Miongoni mwao alikuwamo bibi mjane anayekaanga samaki na kuwauza jioni kando ya barabara. Alivuta khanga yake usoni, akainama. Baada ya wiki mbili nikasikia kwamba amekopa fedha ili jina lake lifutwe katika orodha ile. Kanisa letu silitaji, kwa kuwa aibu hii si ya kanisa moja katika pwani hii ya Lindi. Lakini kunyamaza siwezi.

Tunasherehekea nini? Miaka 150 tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA alipotoka Unguja akashuka Lindi, akiwa na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Wengi wao asili yao ilikuwa bara ya kusini. Biashara ile iliwateremsha watu kama wao hadi pwani, na bandari yake kubwa ilikuwa Kilwa Kivinje. Kutoka huko walivushwa bahari kwenda kuuzwa Unguja, katika soko lililofungwa mwaka 1873. Sasa walikuwa wanarudi, tena kwa miguu yao, bila mnyororo. Nia ya askofu ilikuwa kufika pande za Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi watu wale wakakaa, wakajenga, wakalima. Askofu alirudi Unguja, wao wakabaki. Mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa na Wamagwangwara, wengine wakauawa na wengine wakatekwa kwa mara ya pili. Hata hivyo kanisa halikufa.

Ndugu msomaji, fungua Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, uone maana ya yubile. Ni mwaka wa hamsini, ambao mtumwa huachiwa huru na mtu aliyepoteza shamba lake kwa umaskini hulirudia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba maskini atatozwa. Basi watu wale wa 1876 ndio walioishi yubile yenyewe: waliachiwa, wakarudi. Na sisi, wajukuu wa imani yao, tunaikumbuka siku hiyo kwa kumtia mjane katika deni! Kama huku si kuigeuza yubile kichwa chini miguu juu, ni nini?

Nimejibiwa kwamba sherehe haifanyiki bila fedha, na kwamba mgeni rasmi hawezi kuketi juani. Sawa. Mimi sipingi pilau, wala turubai, wala ngoma. Aliyevuna ufuta wake vizuri na atoe gunia zima, tutamshukuru. Ninalopinga ni kiwango kimoja kwa watu wote, na ninapinga zaidi kile kitendo cha kusoma majina. Mchango unaotolewa kwa hofu ya kuaibishwa hauitwi sadaka. Ni kodi, na kodi ina ofisi zake.

Wengine watauliza nina haki gani ya kusema. Wana sababu ya kuuliza. Nilipokuwa mwalimu mkuu, nami nilisoma majina mstarini, asubuhi, ya watoto ambao wazazi wao hawajalipa michango ya shule. Nilidhani nawafunza wajibu. Mvulana mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu alisikia jina lake mara tatu katika wiki moja, na wiki iliyofuata hakuonekana. Miaka mingi baadaye nilimkuta ufukweni akishona nyavu. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitikia marahaba huku natazama mchanga. Chuo cha ualimu kilinifundisha mambo mengi mazuri, lakini somo hilo nilifundishwa na kijana yule, tena nikiwa nimekwisha chelewa. Nisingependa kanisa langu nalo lichelewe.

Kwa hiyo natoa shauri langu waziwazi. Orodha ya wadaiwa ichanwe. Kila nyumba ilete chakula inachoweza, awe anayeleta mbuzi au anayeleta muhogo, na vyote viliwe katika sinia moja. Fulana za sare ziachwe. Fedha zitakazopatikana zitumike kwanza kuwalipia madeni wale waliokopa kwa ajili yetu. Halafu, katika bamba la ukumbusho ambalo kamati imekusudia kuandika majina ya maaskofu, mstari wa kwanza uwe wa wale waliokombolewa, waliotembea kutoka Lindi. Na kama majina yao hatunayo, iandikwe hivyo hivyo kwamba walikuwapo.

Yule bibi bado anakaanga samaki pale pale kando ya barabara. Sasa anafunga biashara usiku zaidi kuliko zamani, kwa sababu ya deni letu.