Kicheko cha Dakika Kumi na Tano

Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, uso umekunjamana, kitabu cha Kiingereza mkononi. Alitaka tumkanye mwanawe, kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo, kwa kuwa hukisoma kitabu hicho usiku na kucheka peke yake. Kiingereza chetu ni kidogo. Tukamwita kijana mwenyewe atufasirie barazani.

Kitabu hicho, Snow Crash, alikitunga Mmarekani Neal Stephenson mwaka 1992. Ni katika hadithi ziitwazo saibapanki, jina lililoanzia kwenye hadithi fupi ya Bruce Bethke iliyotoka mwaka 1983: hadithi za zama zijazo, ambamo mitambo imetukuka na binadamu amedhalilika. Nyingi zina giza na huzuni. Hiki chachekesha. Shujaa wake ni bingwa wa kompyuta, lakini twamkuta akipeleka piza majumbani kwa niaba ya Mafia, na ikipita dakika 30 ni msiba mkubwa. Yamo pia maneno na mambo yasiyowafaa watoto, na hilo tulimwambia.

Kilichotufanya tuweke tasbihi chini ni waraka. Mama mmoja, mtumishi wa serikali ya Marekani iliyokwisha kunyauka, aletewa katika kompyuta waraka mrefu juu ya watumishi kuchangiana karatasi za msalani. (Sisi tutumiao maji tulidhani hautuhusu.) Muda wa kuusoma umekadiriwa: dakika 15.62. Mama ajua kwamba anahesabiwa. Akiusoma upesi mno, ataitwa ajieleze. Akikawia mno, atashukiwa. Na akitumia dakika 15.62 barabara, ataandikwa kuwa ni mjuvi afanyaye dhihaka! Basi apima mwendo wake amalize baina ya dakika 14 na 15.

Tulicheka sote, hata yule mzazi. Tukamwuliza kijana kama hicho ndicho kimchekeshacho usiku. Akainama, akasema, "Maalim, najicheka mwenyewe."

Kumbe afisini kwake kompyuta humhesabia kila dakika aondokapo kitini, naye kwa miezi alikuwa akiichelewesha Adhuhuri hata karibu na Alasiri, ili hesabu yake isiharibike. Hakuna aliyemkataza kusali. Alizoea tu, kama mtu azoeavyo kiatu kinachombana. Angaliambiwa na sisi, twadhani angalijitetea. Mahubiri humpa mtu nafasi ya kutafuta udhuru. Lakini alimcheka mama wa kitabuni kabla hajatambua kuwa ni yeye, na kicheko kikishatoka hakirudi. Hadithi ya huzuni juu ya jambo hilohilo ingalimfanya ajihurumie, akalala.

Mzazi alinyamaza kitambo, kisha akamrudishia mwanawe kitabu. Jumatatu kijana alikwenda kwa msimamizi wake kuomba dakika 10 za Adhuhuri zisizohesabiwa. Jibu bado hajapewa.