Hesabu ya Vijana wa Merz Haijajibiwa

Tarehe 5 Desemba 2025 bunge la Ujerumani, Bundestag, lilipitisha sheria mbili kwa siku moja. Moja inahakikisha kwamba kiwango cha pensheni hakitashuka chini ya asilimia 48 hadi mwaka 2031. Nyingine ni ya jeshi: kila mwanamume aliyezaliwa mwaka 2008 au baada yake atapelekewa fomu akifikisha miaka 18, atalazimika kuijaza, kisha ataitwa kupimwa afya ili ijulikane kama anafaa kuvaa magwanda. Mzee akapewa dhamana, kijana akapewa fomu. Wanafunzi wa miji mingi waliacha madarasa siku hiyo wakaandamana kupinga sheria ya jeshi, ingawa ile ya pensheni ndiyo itakayokaa mifukoni mwao kwa miaka mingi zaidi.

Waliopiga kelele kuhusu pensheni walitoka mahali ambapo wengi hawakutegemea, ndani ya kambi ya Kansela Friedrich Merz mwenyewe. Ni wahafidhina vijana wa CDU na CSU, watu wa suti na chama, wanaoamini familia, kazi na kuweka akiba. Wabunge vijana wa kambi hiyo, wanaojulikana kama Junge Gruppe, walikuwa 18, chini ya uenyekiti wa Pascal Reddig. Katika jambo hili walikuwa sahihi. Kushindwa bungeni ni kawaida na mwanasiasa hujifunza kukuzoea. Linaloudhi ni kwamba vijana hawa walishindwa bila wakubwa wao kukaa chini na kuijibu hesabu yao.

Kumi na wanane si wengi, lakini serikali ya mseto ya Merz na chama cha SPD ina viti 328 kati ya 630, na wingi unaanzia 316. Wangesimama wote, muswada wa pensheni ungeyumba. Ndiyo maana katikati ya Novemba, siku chache baada ya kutimiza miaka 70, Merz alikwenda Rust, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Ufaransa, kuhutubia mkutano wa Junge Union, jumuiya ya vijana wa chama. Wamezoea kumshangilia. Safari hii makofi yalikuwa machache, na ukumbi ukabaki umenuna. Aliwauliza kama kweli wanaamini chama kinaweza kushinda uchaguzi kwa kushindana nani atatoa pensheni ndogo zaidi. Hakuna kijana aliyekuwa amependekeza mashindano ya namna hiyo.

Anayetaka kuielewa pensheni ya Ujerumani na aufikirie upatu. Akina mama ishirini wa mtaa mmoja wanachanga kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja wao anaondoka na kitita chote. Sandukuni hakibaki kitu. Anayesubiri zamu yake hana akiba. Ana ahadi tu kwamba wenzake wataendelea kuchanga. Tangu mageuzi ya Kansela Konrad Adenauer ya mwaka 1957, wazee wa Ujerumani wanalipwa hivyohivyo. Mfanyakazi mwenye mshahara wa yuro 3,000 kwa mwezi akitazama hati yake ya mshahara ataona yuro 279 zimekatwa kwa ajili ya pensheni. Mwajiri wake anaongeza 279 nyingine, kwa kuwa mchango wote ni asilimia 18.6. Yuro hizo 558 haziwekwi popote zikamsubiri. Zinapita moja kwa moja kwenda kwa mtu aliyekwisha kustaafu.

Upatu ni mzuri mradi wachangaji wasipungue. Mwaka 1962 Ujerumani Magharibi ilikuwa na wachangiaji sita kwa kila mstaafu. Leo ni wawili na ushei. Mwaka 1964, katika Ujerumani zote mbili, walizaliwa watoto karibu milioni 1.36, idadi kubwa kuliko mwaka wowote mwingine baada ya vita. Mwaka 2024 walizaliwa takriban 677,000. Umri wa kustaafu unapandishwa polepole kuelekea 67, na waliozaliwa 1964 ndio wa kwanza watakaoufikia kamili. Wataufikia mwaka 2031.

Wajerumani waliliona hili zamani. Mwaka 2004 serikali ya Gerhard Schröder, mtu wa SPD, iliingiza katika kikokotoo cha pensheni kipengele cha kugawana mzigo: wastaafu wakiongezeka kuliko wachangiaji, nyongeza ya kila mwaka inapunguzwa kasi. Pensheni yenyewe haikatwi, ila haikui sambamba na mishahara. Dhamana ya asilimia 48 inakizima kipengele hicho. Asilimia 48 maana yake ni kwamba aliyechanga kwa miaka 45 akiwa na mshahara wa wastani atapata kasoro kidogo ya nusu ya mshahara wa wastani wa leo.

Vijana hawakuipinga dhamana yenyewe, na hapa ndipo wengi walipowasikia vibaya au walipoamua kutowasikia. Makubaliano ya serikali ya mseto yalitaja mwaka 2031, nao waliukubali. Walichokikataa ni maneno machache ndani ya muswada kuhusu kinachofuata baada ya hapo. Kwa maneno hayo, mwaka 2032 kikokotoo kitaanza kufanya kazi tena kikitokea kwenye 48. Bila dhamana, kiwango kingekuwa kimekwisha teremka hadi karibu 47. Ni kama mtu aliyeruhusiwa kusimama kwenye ngazi wenzake wakiwa wanashuka. Ruhusa inapokwisha, haambiwi awafikie walipo. Anaendelea kushuka taratibu akiwa kidato kimoja juu yao, mwaka baada ya mwaka, bila kikomo.

Kidato hicho kimoja, vijana walisema, kitagharimu kama yuro bilioni 120 kufikia mwaka 2040. Gharama inabebwa na bajeti ya serikali, yaani kodi, ambayo tayari inaipelekea pensheni zaidi ya yuro bilioni 100 kila mwaka. Muhula wa bunge hili unaisha 2029. Kwa hiyo wabunge wa leo wameandika bili ya miaka ya 2030, na wakaandika jina la mlipaji: kijana anayejaza fomu ya jeshi sasa, pamoja na mdogo wake ambaye bado hajafikia umri wa kupiga kura. Ahadi ya miaka sita ni siasa, na siasa huhitaji maridhiano. Ahadi isiyo na tarehe ya mwisho, iliyofichwa ndani ya ahadi yenye tarehe, ni kitu kingine kabisa. Kama viongozi waliitaka hivyo, wangeisema hadharani kwenye kampeni.

Wapo waliojibu kwamba asilimia 48 si utajiri, na kwamba wajane wengi waliolea watoto nyumbani wanaishi kwa pensheni ndogo sana. Ni kweli. Bärbel Bas, waziri wa kazi kutoka SPD, alisema pia kwamba kiwango kikishuka, vijana wenyewe watakikuta kimeshuka siku watakapozeeka. Nalo lina ukweli wake. Lakini kuinua kiwango cha watu wote ni njia ghali ya kumsaidia mjane maskini, maana mstaafu mwenye nyumba na hisa naye anapanda.

Majibu mengine hayakuhusu hesabu hata kidogo. Vijana waliambiwa wafikirie umoja wa chama. Waliambiwa serikali itaanguka. Waliambiwa wanawagombanisha vizazi, kana kwamba anayesoma mizani ndiye aliyeongeza uzito. Mwisho chama cha Die Linke kikatangaza kwamba kitajizuia kupiga kura, na muswada ukapita kwa kura 318, dhidi ya 224 za kuupinga na 53 za kujizuia. Katika kambi ya Merz waliothubutu kusema hapana walikuwa wachache. Wengi wa waliobaki walikubali, na hilo nalo ni lawama yao: mtu hawezi kusema kwa wiki kadhaa kwamba jambo ni dhuluma kwa wasiozaliwa, kisha akaliinulia mkono.

Heshima kwa wazee haihitaji mtetezi mbele ya wasomaji wa Kiswahili, waliokua wakimwamkia kila mkubwa njiani. Lakini shikamoo ina marahaba yake. Mwanauchumi Wilfrid Schreiber, ambaye mpango wake wa mwaka 1955 ulimpa Adenauer msingi wa mageuzi yale, alipendekeza malipo ya pande mbili: wafanyakazi wamlipe mzee, na wamlipe pia mtoto, kwa kuwa mtoto ndiye mchangiaji wa kesho. Adenauer aliichukua pensheni ya wazee akaiacha ya watoto. Septemba 1957 chama chake na CSU walipata asilimia 50.2 ya kura. Leo zaidi ya asilimia 40 ya wapiga kura wa Ujerumani wana miaka 60 na kuendelea, na walio chini ya 30 ni kama asilimia 13. Katika uchaguzi wa Februari 2025, kati ya wenye miaka 18 hadi 24, Die Linke iliongoza kwa kama asilimia 25, chama cha AfD kikafuata kwa 21, na wahafidhina wakaambulia 13 hivi. Merz aliyewauliza vijana jinsi ya kushinda uchaguzi angeanza na takwimu hiyo.

Nao watakaochanga hawatakuwa Wajerumani peke yao. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa ajira mjini Berlin, na muuguzi anayetoka Kisumu kwenda kufanya kazi Hamburg atakatwa asilimia 9.3, nusu ileile ya mchango. Watanzania waliobishana kuhusu kikokotoo tangu mwaka 2018 wanajua jinsi mstari mmoja wa kanuni unavyoweza kubadili maisha ya mtu asiyewahi kuusoma.

Ili kuwatuliza vijana, serikali iliahidi tume ya pensheni itakayotoa mapendekezo katikati ya mwaka 2026, na Reddig akapewa nafasi ndani yake. Akiingia humo, afungue sheria kwenye maneno yale ya baada ya 2031, aombe yafutwe, na safari hii asiondoke mezani mpaka mtu mmoja amwambie zile bilioni 120 zitatoka wapi.