Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Swali bovu, data mbovu

Jamani, leo siandiki kuhusu Linux. Hifadhidata itapita njiani kidogo, lakini shida yangu leo ni swali moja ambalo kila aliyesoma shule ya msingi hapa Kenya aliulizwa, na ambalo bado tunawauliza watoto kama vile lina maana: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?

Lilinirudia mwaka 2025. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya 9 kule Voi, alinipigia simu jioni. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walikuwa wanachagua shule 12 za sekondari ya juu, na pamoja nazo mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Habari za huko?"

"Nzuri. Mjomba, nijaze mkondo gani?"

"Wewe mwenyewe unataka upi?"

"Mwalimu alituuliza tunataka kuwa nani, nikasema rubani. Sasa wanasema rubani ni sayansi."

"Umewahi kuongea na rubani?"

"Hapana mjomba. Lakini si lazima useme kitu?"

Lazima useme kitu! Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira haijaisha. Wenzangu mnaoandika programu mtanielewa. Niliwahi kuitwa kusafisha data ya kampuni moja, nikakuta wateja chungu nzima wamezaliwa tarehe 1 Januari. Muujiza? Hapana. Fomu ilikuwa haikubali kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa, na tarehe iliyokuwa juu ya orodha ni 1 Januari. Mtu mwenye foleni nyuma yake anabonyeza hiyo hiyo anakwenda zake. Baadaye meneja anachora grafu na kuileta mkutanoni. Mteja hakudanganya. Aliyetengeneza fomu ndiye aliyelazimisha jibu pasipo na jibu.

Swali la "utakuwa nani" ni fomu ya aina hiyo. Kisanduku ni cha lazima na orodha imefungwa. Darasani kwetu Voi, miaka ya tisini, orodha ilikuwa na majibu sita: daktari, rubani, injinia, wakili, mwalimu, rais. Tulikuwa zaidi ya arubaini na majibu yetu yote yaliingia humo. Sasa fikiria darasa lilikuwa wapi. Barabara kuu ya Mombasa inapita pale, malori usiku na mchana, na hakuna aliyesema dereva wala fundi wa malori. Tsavo, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1948, imeuzunguka mji ule, na hakuna aliyesema askari wa wanyamapori. Mashamba ya mkonge yapo Voi na Mwatate, wazazi wa nusu ya darasa wamepita huko, na mkonge haukutajwa. Sote tulitaka kuwa watu ambao hatujawahi kuwaona wakifanya kazi.

Mimi nilisema injinia. Uongo. Nilitaka kuendesha treni. Voi ni mji wa reli, njia ya kwenda Taveta inaanzia pale, na zile treni za abiria za Nairobi na Mombasa zilikuwa zinapita usiku. Nilikuwa naamka kusikia honi. Lakini dereva wa treni hakuwamo kwenye orodha, kwa hiyo nikachagua neno lililokuwa karibu nalo. Mwalimu akasema "vizuri sana", nikakaa chini. Kama mtu angechora grafu ya darasa lile, mimi ningehesabiwa miongoni mwa mainjinia watarajiwa wa taifa.

Msichana mmoja nyuma yangu alitaka treni vilevile. Alinong'ona tu, akasema daktari. Mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipozindua treni ya SGR kutoka Mombasa, usukani ulikuwa kwa mwanamke Mkenya. Nilimkumbuka msichana yule siku hiyo hiyo.

Ila mmoja wetu alivunja orodha. Niliketi naye dawati moja. Baba yake alikuwa akichimba mawe upande wa Kasigau, na yeye akasimama akasema kwa sauti: "Mimi nitachimba mawe kama baba." Darasa lilicheka hadi likakohoa. Mwalimu hakucheka. Alimwita mbele, akamchapa viboko viwili vya mkononi, akamwambia akafikirie jibu lingine. Mwenzangu alirudi, akasema rubani.

Sasa nieleze jiwe lenyewe, maana hapa ndipo upuuzi unapokuwa mkubwa. Kuna garineti ya kijani kibichi ambayo Campbell Bridges, mwanajiolojia kutoka Scotland, aliipata kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wetu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kuiuza kwa jina jipya: tsavorite. Yaani Tsavo. Tajiri wa New York anavaa kidoleni jina la nyika yetu, halafu mtoto wa nyika hiyo anachapwa kwa kusema anataka kufanya kazi na jiwe hilo.

Najua mtaniambia nini. Mwalimu alimpenda yule mtoto, hakutaka afe shimoni. Kweli, na simdharau. Mashimo huporomoka, madalali hupunja, na migogoro ya migodi si mchezo: Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009, huku huku Taita Taveta, katika mzozo wa machimbo. Tena sheria ya madini iliyokuwepo, ya mwaka 1940, haikumtambua mchimbaji mdogo. Sheria ya mwaka 2016 ndiyo iliyompa nafasi ya kupata kibali. Mwalimu alikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini kazi ikiwa ya hatari, mtoto anafundishwa jiolojia, anafundishwa kupima jiwe na kujua bei yake, anafundishwa kuegemeza ukuta wa shimo kwa mbao. Hafundishwi kuona haya.

Kwa sababu mwenzangu anachimba mawe. Alianza mara tu baada ya darasa la nane, bila kufundishwa chochote na mtu yeyote. Shule ilifanikiwa kulibadilisha jibu lake na ikashindwa kabisa kuyabadilisha maisha yake. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipewa hati, na pale kwenye barabara ya Voi kwenda Mwatate wanafunzi wanasomea uhandisi wa madini. Mwenzangu hulipita lango hilo kwa boda boda, kiroba cha mawe mapajani. Nilimuuliza kama amewahi kuingia. Akanicheka. "Niingie nikaseme nini, mimi rubani?"

Na hapa nataka kugombana na kundi jingine, la wale wa "fuata ndoto yako". Wanakuja shuleni na suti, wanapiga kelele dakika arubaini, wanaondoka. Ndoto gani? Ile tuliyolazimishwa kuijaza? Wanafanya watu wazima wa miaka arubaini wajione wameshindwa kwa sababu hawakuwa kitu walichokisema wakiwa na miaka kumi, wakiogopa kiboko. Namfahamu mama mmoja, pia wa darasa letu, ana kibanda cha M-Pesa karibu na steji na kinamlisha yeye na wazazi wake. Kila nikienda hunitania kwamba mimi nimefika, yeye alishindwa kuwa wakili. Ameshindwa wapi? M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 1994 mtoto angesimama darasani aseme "nitakuwa wakala wa M-Pesa" angepelekwa hospitali. Hata mimi, hii kazi yangu ya kukaa na tarakilishi nikiandika programu, hakuna aliyeitaja. Tarakilishi yenyewe tulikuwa tumeiona kwenye picha.

Wapo pia walioota kazi halisi, na kazi yenyewe ikaondoka. Vijana kadhaa wa Voi walitaka reli kama baba zao. Mwaka 2006 reli ikakabidhiwa kampuni binafsi, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, na mwaka 2017 treni za zamani za abiria kati ya Nairobi na Mombasa zikasimama. Watu hao hawakuacha ndoto yao. Ndoto iliwaacha kituoni.

Turudi kwenye mikondo. Mimi si adui wa mtaala mpya. Angalau sasa michezo na sanaa zina jina kwenye karatasi, wakati sisi aliyechora vizuri aliitwa mvivu. Kinachonitisha ni kwamba lile swali bovu sasa limeingizwa kwenye mfumo. Wizara ya Elimu ilitangaza lengo la asilimia 60 kwenye mkondo wa sayansi, 25 sayansi za jamii, 15 sanaa na michezo. Sawa, serikali lazima ipange walimu na maabara. Lakini unachukua mtoto wa miaka 14 au 15, unamuuliza swali ambalo amefundishwa kulijibu kwa uongo tangu chekechea, kisha jibu lake unalifanya mlango wa miaka mitatu ijayo. Ingekuwa ni programu yangu, ningeirudisha kwa aliyeniletea na kumwambia akazungumze na watumiaji kwanza.

Na kuzungumza nao si ghali. Kaunti yetu ina kituo cha SGR, ina chuo cha madini, ina kiwanda cha mkonge Mwatate, ina askari na watafiti wa Tsavo, ina wakulima wa Taveta wanaomwagilia migomba. Wapelekeni watoto wa Gredi ya 8 wakakae siku tatu tatu na watu hawa. Si ziara ya kupiga picha na kula soda! Wakae, wabebe vyombo, waone mshahara unavyokuja na unavyochelewa. Halafu waulizeni ni nini kiliwafanya wasahau njaa.

Mpwa wangu nilimuuliza hivyo hivyo. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limeisha. Kisha akasema kwamba mama yake huuza ndizi zinazoletwa kutoka Taveta, na yeye huandika kwenye daftari mikungu iliyouzwa kila siku, iliyooza, na iliyokopwa. Kwa miaka miwili. Siku hizi yeye ndiye anayemwambia mama aagize mikungu mingapi, na wiki ya kulipa karo anampunguzia oda kwa sababu ameona watu hawanunui.

"Mbona hukumwambia mwalimu hilo?"

"Hiyo si kazi mjomba. Hiyo ni kumsaidia mama."

Alijaza fomu. Mkondo aliochagua ni siri yake, amenikataza kuusema, na rubani sijamsikia akimtaja tena. Daftari bado linaendelea, sasa ni la tatu. Nimemwomba anipigie picha kurasa zote anitumie, na likizo ya Aprili akija nitamkalisha mbele ya lahajedwali. Amekubali kwa sharti moja, kwamba data ya walioko kwenye orodha ya madeni nisiione, kwa sababu jina langu limo.