Viza ya mwanafunzi ni mkataba, tuusome kabla ya kuuza kiwanja



Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana wetu mnaotaka kusafiri kusoma. Juzi baada ya swala ya Alasiri alinijia mzazi mmoja hapa Mombasa. Anataka kuuza kiwanja ili kijana wake aende Uingereza kwa shahada ya pili ya mwaka mmoja. Hesabu yake ni kwamba kijana akimaliza atabaki huko afanye kazi, madeni yalipwe na kiwanja kingine kinunuliwe. Wakala ndiye aliyemwambia hivyo. Nikamuuliza, "Masharti ya viza umeyasoma?" Akajibu, "Maalim, hiyo si kazi ya wakala?"

Hapo ndipo tunapokosea. Viza ni mkataba, na anayeingia katika mkataba huo ni mtoto wako, si wakala.

Masharti yenyewe ni haya. Wakati wa muhula, mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Tangu Januari 2024, anayesoma shahada ya pili ya kawaida, isiyo ya utafiti, hawezi kwenda na mke wala watoto. Akimaliza masomo, anaweza kuomba ruhusa ya kubaki na kutafuta kazi, lakini lazima aombe akiwa huko huko na kabla viza yake haijaisha. Ruhusa hiyo iliwahi kufutwa mwaka 2012, ikarudishwa Julai 2021 kwa muda wa miaka miwili. Kwa wanaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, muda ni miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu, ambao hupewa miaka mitatu. Baada ya hapo, anayetaka kubaki kwa viza ya kazi sharti ampate mwajiri mwenye leseni ya kumdhamini na mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa.

Mtasema si haki kuchukua ada kubwa za watoto wetu kisha kufupisha muda. Nami nasema hivyo hivyo. Lakini sisi tumeamrishwa kutimiza ahadi, hata ahadi nzito.

Na wanaowasukuma vijana kuivunja mara nyingi ni sisi wenyewe. Kila wiki tunapiga simu: "Mwanangu, tuma chochote, deni linatusumbua." Kijana anaona haya kusema hana. Anaongeza zamu za usiku, anapita saa zake 20, masomo yanashuka. Akigundulika anaweza kufutiwa viza, akarudi bila shahada na bila kiwanja.

Kwa hiyo, mzazi, piga hesabu kama kwamba mtoto atarudi nyumbani siku ya pili baada ya kuhitimu. Ikiwa elimu hiyo bado itamfaa na deni litalipika, mwombee dua aende. Ikiwa hesabu inasimama kwa kazi ya huko peke yake, usiuze kiwanja.

Wabillahi tawfiq.